Je, Nilimsamehe Kweli Mjomba Wako?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama. Unauliza kama nilimsamehe kweli mjomba wako au niliwaridhisha wazee tu, kwa kuwa wewe na dada yako hamsemezani tangu aliposema mbele ya wakwe zako kwamba hukumuuguza baba yenu, na hutaki kumpa mkono wa unafiki.

Siku ya kikao cha wazee cha kutupatanisha nilikuwa sijamsamehe. Babu yako alipofariki, sheria ya mirathi ilinipa mimi fungu moja na mjomba wako mafungu mawili, lakini yeye alichuma karafuu za shamba zima, msimu baada ya msimu, akisema kwamba mimi nina mume wa kunilisha. Kauli hiyo iliniuma kuliko karafuu zenyewe, maana ilikuwa kama kunitoa katika nyumba niliyozaliwa. Nilipoacha kwenda kwake, wazee walinikumbusha kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Walisema kweli, ila kwa haraka yao ya kusuluhisha hawakumwambia yeye kwamba kula haki ya dada nako si halali. Nilimpa mkono kwa kuwaheshimu, moyo ukabaki pale pale.

Msimu uliofuata alikuja kwangu Wete na daftari, akaketi barazani na kunisomea pishi zilizochumwa, ujira wa wachumaji na bei aliyouzia. Hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua, yanayouzwa kwa bei ndogo ili yakamuliwe mafuta, alikuwa ameyaandika, nami nisingekumbuka kuyadai. Kisha akasema, mkewe na wanawe wakisikia: "Hii ni haki yako, na mimi nilikudhulumu." Hakutoa udhuru wowote. Hasira haikuniisha jioni ile, mwanangu. Iliendelea kupungua kidogo kidogo tulipokuwa tukichambua karafuu pamoja usiku, mara nyingi bila maneno mengi, hadi siku moja nikajikuta namtuma dukani kama nilivyokuwa nikimtuma alipokuwa mdogo.

Basi mwambie dada yako neno lile lililokuumiza, lile tu, usimrundikie ya utotoni. Akiomba muda, mpe. Salamu yake uiitikie, kwani hiyo ni haki yake hata kabla hamjapatana. Nami sitaitisha kikao cha ukoo mpaka mniombe ninyi wenyewe.

Mama yako