Uliza Mwalimu: Komesi nimeikariri yote, mtihanini siioni

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Mie niko fomu foo, skuli moja huku Wete, nakaa dakhalia. Shida yangu ni Komesi, somo la biashara. Buku zima nimelikariri, ukinambia nitaje kazi za muuzaji wa jumla nakutajia zote wala sisiti, lakini mok, mtihani wa majaribio, nimepata 38 na nilitoka chumbani najua nimefanya vizuri. Mwalimu wetu anasema eti sijibu swali. Sasa somo lenyewe ni nadharia tupu, nisome vipi zaidi ya hivi ninavyosoma? Mtihani wa taifa Novemba, nataka nipate C kwa uchache.
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. 38 ni D, na C inaanzia 45, yani umepungukiwa alama saba tu. Alama saba kwa mtu aliyekwisha kukariri buku zima zipo, ila hazipo kwenye kukariri tena. Kwa hiyo usiongeze saa za kusoma, badilisha namna unavyosoma.

Kazi za muuzaji wa jumla unazitaja kwa sababu nimekuuliza vilevile zilivyoandikwa kwenye buku. Mtihani unakuletea mtu. Unakwambia kuna mwenye duka mji wa Mkoani, hapo Pemba, anataka aache kununua kwa muuzaji wa jumla, awe anakwenda mwenyewe kiwandani, mshauri. Jibu ni lilelile unalolijua, kwamba muuzaji wa jumla anamgawia mzigo kidogokidogo, anamkopesha, anamwekea ghalani, lakini weye umeizoea orodha na huyu mtu wa Mkoani hujawahi kumuona, ndo mwalimu anaposema hujibu swali.

Sasa fanya hivi. Chukua duka moja unalolijua, la jirani au la mjomba, halafu kila mada ipitishe dukani humo. Tuanze na zile hati za biashara zinazowachanganya wengi. Mwenye duka wa Wete anaandika kuuliza bei kwa muuzaji wa jumla Darajani, mjini Unguja, analetewa bei, anaagiza katoni 10 za sabuni, mzigo unapakiwa bandarini Malindi na hati ya kupokelea, na ankara inakuja ya katoni 10. Mzigo unafika, anafungua, katoni 2 zimerowa maji ya bahari, anazirudisha. Muuzaji afanye nini? Anamwandikia krediti noti ya katoni 2, deni linapungua. Na kama ankara ilikosewa ikaandikwa katoni 8 badala ya 10, hapo inakuja debiti noti, deni linapanda. Ukishaziona zile katoni zilizorowa hutochanganya tena noti hizi mbili, na mpangilio mzima wa hati unakuja wenyewe maana ndo safari ya ule mzigo.

Mada ya benki ivoivo. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, utakwenda kufungua akaunti na kuweka pesa zako, Benki Kuu huwezi, hata uvae vipi. Anzia hapo halafu jiulize kwa nini, utazipata kazi za Benki Kuu bila kuimba: ndiyo inayotoa noti, ndiyo benki ya serikali, ndiyo benki ya mabenki. Bima nayo, jiulize kwa nini huwezi kuikatia bima nyumba ya jirani, kwani ikiungua unapoteza nini weye? Na ZSTC, shirika la biashara la serikali Zanzibar linalonunua karafuu, hiyo ni mfano mzuri wa shirika la umma, itumie, ila isiandikwe kama mfano wa muuzaji pekee sokoni, maana kwa mkulima yeye ni mnunuzi.

Baada ya hapo funga buku. Hili ndilo hasa ninalokuomba, mwanangu, na najua ni gumu kuliko kusoma kwa sauti. Funga, chukua karatasi, andika kila unachokikumbuka kwa dakika 15, kisha fungua na ujaze kwa kalamu nyekundu yale uliyoyasahau. Siku ya pili usisome mada nzima, soma nyekundu tu. Baada ya wiki irudie tena na karatasi nyeupe.

Na kwa vile mtihani ni wa Kiingereza, elewa kwa Kiswahili kwanza, halafu andika sentensi fupifupi: hoja, maelezo yake, mfano wake, basi nenda hoja nyengine. Na neno la mwanzo la swali lipigie mstari. Ukiambiwa utaje, taja upite, ukiambiwa ueleze usiorodheshe, ukiambiwa utofautishe usielezee kimoja ukurasa mzima kingine ukakisahau.

Halafu si nadharia tupu. Kuna hesabu humo na watu wa nadharia wanazikimbia. Kitu umenunua 8,000 ukauza 10,000, faida ni 2,000: ukiigawa kwa bei ya kununulia ni asilimia 25, kwa bei ya kuuzia ni asilimia 20. Swali linataka ipi? Fanya kumi za namna hii kutoka mitihani iliyopita, jioni mbili zinatosha.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anasoma Komesi nami Kiingereza sikijui, nauza vitumbua hapa Chake Chake. Naweza kumsaidia kweli?
Mzazi, Chake Chake

JIBU: Unaweza sana dada yangu. Asubuhi mkiwa jikoni mwambie akusomeshe mada ya jana kwa Kiswahili, buku lifungwe. Muulize unga ukipanda bei vitumbua nivipandishe au nivipunguze ukubwa, na wateja watafanya nini? Hiyo ni mada ya mahitaji na ugavi, na weye unaiishi kila siku. Akikwama mwache afikiri mpaka kitumbua kiive upande wa pili, usimpe jibu mapema.