Kabla hujanunua prosesa, soma herufi ya mwisho

Mtaalamu, laptopu yangu ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel i5 na imekuwa nzito. Niweke i7 gani?

Jamani, namba kamili! Bila namba na herufi zake sina cha kukujibu. Halafu niambie kama bado unatumia diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Kama ndivyo, uzito unatoka huko. Nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwanza.

Nina ThinkPad T430 yenye i5-3320M. Itakubali prosesa ya viini vinne (sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja)?

Itakubali. Tafuta i7-3632QM: inakula wati 35 kama uliyonayo, kwa hiyo feni yako itaimudu. i7-3740QM inakula wati 45, na wengi wanaipenda kwa kutazama kasi tu. Kazi ikikolea inachemka na kujipunguza kasi. Angalia sana picha ya muuzaji, kwa sababu 3632QM zipo za aina mbili: yenye miguu, inayoingia kwenye soketi, na ya kuchomelewa, ambayo kwako haina kazi. Sasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Fungua skrubu ya soketi, inua prosesa wima, linganisha alama ya pembetatu ya mpya na ya soketi, kisha iache ishuke yenyewe. Ukiikandamiza, miguu inapinda. Futa pesti ya kupitisha joto ya zamani yote, upake mpya.

EliteBook 840 G1, i5-4300U je?

Haibadilishwi. Hiyo U ni ya kuchomelewa kwenye bodi. Tangu kizazi cha 5 (zile ambazo namba yake baada ya i5- au i7- huanza na 5), Intel haijatoa tena prosesa za laptopu za kuchomoa, kwa hiyo fundi anayekuahidi kukubadilishia kirahisi mwogope.

Nimeweka i7-3520M kwenye T420, haiwaki. Nimeuziwa mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Soketi ni ileile, lakini BIOS ya kiwandani ya T420 haitambui kizazi cha 3. Rudisha prosesa ya zamani. Mtu auliza kabla ya kulipa!

Nikiweka i7 kwenye T430 nitapata Windows 11?

Hapana. Kwa Intel, Microsoft inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Usibandike Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine yenye hesabu za duka lako.