Usitoboe hilo bomba, mkuu

Mkuu, rudisha hiyo drili ulikoitoa. Nimesoma ulichoandika: fremu ya baiskeli ya aluminiamu iliyotengenezewa breki za diski za waya, umenunua breki za mafuta, paipu ya mafuta haipiti kwenye vishikio vya waya vilivyo nje ya fremu, na sasa unataka kutoboa bomba la chini la fremu karibu na shingo (pale usukani unapoingia) ili paipu iingie ndani na kutokea nyuma. Umeuliza pia habari za mafuta. Umesema alama umeshaichora kwa penseli. Ifute.

Fremu yangu iliishia kwenye chuma chakavu kwa tundu kama hilo, mahali hapo hapo. Tena sikukurupuka. Nilimpelekea fundi ambaye kila mtu alimsifia, nikamuuliza waziwazi kama bomba halitadhoofika. Akanijibu, "Mbona fremu za kisasa zote zina matundu?" Jibu hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ni ukweli nusu. Matundu zinayo, lakini aliyeibuni fremu ile alijua tangu mwanzo tundu litakaa wapi. Analiacha bomba liwe nene pale, au anazungushia kipande cha kuimarisha. Tundu analirefusha kufuata urefu wa bomba na kingo anazilainisha. Yako ilitoka kiwandani bila tundu, kwa hiyo pale ulipochora hakuna aliyekuachia akiba ya unene. Fremu nyingi mabomba yake ni manene kwenye ncha yanapochomelewa na membamba katikati. Ukitoboa katikati umeangukia penye wembamba. Ukiukimbia wembamba ukasogea shingoni, umefika penye weldi, ambapo bomba la chini hubeba mzigo mkubwa kila ukipiga shimo barabarani au ukifunga breki ya mbele.

Na tundu halipunguzi tu kiasi cha chuma kilichobaki. Ukilivuta bamba pana lenye tundu la mviringo, mkazo kwenye kingo za tundu hufika karibu mara 3 ya ule wa sehemu nyingine. Hapo tunazungumzia tundu safi. Langu lilitobolewa kwa mkono, drili ikiwa imelazwa upande kwa sababu paipu lazima iingie kimshazari. Biti iliteleza, ikala rangi, kisha jamaa akachukua tupa ya mviringo akapanua kwa kukadiria. Kingo zilibaki na meno, na kila jino ni mahali pa ufa kuanzia. Chembe za aluminiamu zikashuka kwa ndani hadi kwenye beringi za krenki (mhimili wa pedali), nikawa nasikia zikisagika kila nikikanyaga pedali. Akaniambia ni vumbi tu, litaisha.

Ufa niliuona wakati naosha baiskeli. Kilikuwa kimstari chembamba kwenye rangi, kimeanzia ukingo wa chini wa tundu na kuelekea ubavuni. Nikadhani ni mkwaruzo. Nikafuta kwa kitambaa, hakikutoka. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Ndipo nilipolikandamiza gurudumu la mbele ukutani na kuusukuma usukani, nikakiona kile kimstari kikifunguka na kufunga. Mkuu, hiyo ndiyo baiskeli niliyokuwa nashukia nayo mlima kwa kasi.

Yule yule fundi akasema si neno, tunachomelea. Hapo ndipo pesa ya pili ilipopotea. Aluminiamu nyingi ya fremu, hasa aina ya 6061, nguvu yake inatokana na kupikwa: hupashwa hadi karibu nyuzi 530 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha huokwa saa nyingi kwenye nyuzi 170 hivi. Ukiichomelea bila kurudia mapishi hayo, eneo linalozunguka weldi linalegea na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Ufa mpya ulitokea pembeni ya weldi, tena ukakimbia haraka kuliko wa kwanza. Na aluminiamu si kama chuma cha pua au chuma cha kawaida kwamba mzigo mdogo unaweza kuubeba milele. Kila mtikisiko unahesabika.

Wanaonikera zaidi ni wale wa video za kutoboa fremu. Paipu ikishachomoza upande wa pili wanashangilia na video inaishia hapo. Hakuna anayerudi baadaye kutuonyesha fremu ile ile ikiwa imekula barabara.

Kanuni ninayoifuata ni moja: bomba haliguswi, kinachobadilishwa ni kishikio. Kuna viklipu vya plastiki vinavyoingia kwenye vishikio vya waya na kuibana paipu kwa juu. Anza na hivyo. Vikikosekana, kuna vishikio vya kubandika (osha rangi kwa spiriti kwanza, visije vikabanduka) au funga za plastiki za kawaida, zikazwe kiasi cha kushika bila kuiminya paipu. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto kabla ya kukata urefu wowote. Ukitaka paipu ipite ndani ya kishikio chenyewe, unaweza kupanua kile kitundu chake cha mbele kwa biti ya milimita 5 na nusu hivi, kwa sababu kishikio ni nyama ya ziada iliyo nje ya bomba. Weka kipande cha bati kati ya biti na bomba, maana mchubuko wa biti kwenye bomba nao ni mwanzo wa ufa. Njia hii itakulazimu kufungua paipu, kuweka kiungio kipya na kutoa upepo kwenye breki. Sijui kwa nini watu wanaona hiyo ni kazi kubwa kuliko kuua fremu.

Na asikudanganye mtu kwamba kutoboa fremu ya kaboni ni afadhali. Pale unakata nyuzi zenyewe zinazobeba mzigo, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Mafuta: tumia aina iliyoandikwa kwenye breki yako. DOT (mafuta ya breki kama ya magari) na mafuta ya madini havichanganywi, mipira ya kuzibia iliyo ndani ya breki itavimba.

Weka picha ya vishikio vyote, hasa cha karibu na krenki na cha mwisho kabla ya breki ya nyuma. Piga kwa ubavu, tuone kuna nafasi kiasi gani kati ya kishikio na bomba.