Kusoma nje mara tatu bila kuongeza mwaka: hesabu ianze na krediti

Swali: Nipo mwaka wa kwanza chuoni hapa Marekani, ni raia na napata Pell Grant, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Nataka kusoma nje mara tatu: kiangazi kimoja, muhula Ujerumani na muhula mwingine Asia. Nyumbani hakuna akiba. Je, inawezekana bila kuchelewa kuhitimu wala kubeba mkopo mkubwa?

Jibu: Inawezekana, ila wengi hukimbilia kutafuta ufadhili kabla ya kuhesabu krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada, na hapo ndipo wanapokwama. Shahada nyingi zinadai krediti 120, na vyuo vingi vinataka zile 30 za mwisho zisomwe chuoni kwenyewe. Maana yake mwaka wa nne usiuguse. Usimalize mapema masomo ya jumla na ya hiari, kwa sababu ndiyo yanayokubalika kirahisi yakitoka nje. Kozi za fani idara huzibania.

Angalia na kalenda. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza Oktoba na kuvuka hadi Februari, wakati chuo chako kinafungua Januari. Chukua ule wa Aprili hadi Julai, mwaka wa pili. Kwa Asia, Korea Kusini ina muhula wa Machi hadi Juni: uweke mwaka wa tatu. Kiangazi kiwe baada ya mwaka wa kwanza. Kwa mpangilio huo kila vuli upo chuoni, matokeo ya nje yanapata muda wa kufika, na viza ya Korea unaiombea nyumbani. Ukiunganisha safari mbili mfululizo utajikuta unahitaji viza ya nchi ya pili ukiwa bado nchi ya kwanza, na balozi nyingi hupokea maombi ya wakazi wa eneo lao tu.

Kosa lingine ni la hesabu. Ulaya hutumia ECTS, yaani krediti za mfumo wa Ulaya: 60 kwa mwaka, dhidi ya krediti 30 za Marekani. Mwanafunzi akichukua ECTS 20 akidhani ni nyingi, chuo chake kitamhesabia krediti 10 hivi, chini ya 12 zinazomfanya awe wa muda wote, na Pell yake inapungua. Jisajili ECTS 24 au zaidi, na upate idhini ya maandishi kwa kila kozi kabla ya kuondoka.

Kwa mihula yote miwili, ulizia kwanza mpango wa kubadilishana wanafunzi wa chuo chako. Hapo unalipa ada ya chuo chako, na kwa kawaida misaada yako inakufuata. Kampuni zinazoandaa safari hurahisisha mambo, lakini mara nyingi ni ghali zaidi, na vyuo vingine haviruhusu utumie ufadhili wao huko. Ofisi ya msaada wa fedha iombe irekebishe makadirio ya gharama zako kulingana na safari. Wasioomba hubaki na bajeti ya nyumbani.

Kiangazi ndicho kigumu kulipia. Tangu 2017 Pell inaweza kufika asilimia 150 ya kiwango cha mwaka, kwa sharti usajiliwe angalau nusu ya muda, kawaida krediti 6. Programu ya krediti 3 inakunyima nyongeza hiyo. Kumbuka pia kwamba inakula kikomo chako cha Pell, ambacho ni sawa na mihula 12.

Gilman, ufadhili wa serikali ya Marekani wa kusoma nje, hutolewa kwa wanaopata Pell, hadi dola 5,000, na hupewi mara mbili. Usiipoteze kwa safari ya wiki tatu; iombee Ujerumani, kwenye awamu inayofungwa Oktoba. Boren, ufadhili mwingine wa serikali hiyo, inafaa Korea na hufika dola 25,000 kwa safari za wiki 25 au zaidi. Muhula mmoja hupata pungufu. Inakudai utumikie serikali ya shirikisho mwaka mmoja, la sivyo uirejeshe. Kama kazi ya serikali huitaki, binafsi ningekushauri uiache.

Sasa pesa taslimu. Misaada ya shirikisho haitolewi mapema zaidi ya siku 10 kabla ya muhula kuanza, ilhali tiketi, amana ya chumba na pasipoti (dola 165 kwa mtu mzima anayeomba mara ya kwanza) hulipwa miezi kabla. Ujerumani raia wa Marekani huingia bila viza na kuombea kibali cha ukaazi hukohuko ndani ya siku 90, lakini lazima aonyeshe uwezo wa kujikimu: kufikia 2025, euro 992 kwa mwezi, yaani 3,968 kwa miezi minne. Barua rasmi ya ufadhili inaweza kutosha badala ya kuziweka benki, hivyo iombe mapema. Januari hadi Machi kabla ya Ujerumani, na Januari hadi Februari kabla ya Korea, hutakuwa na masomo wala misaada. Tafuta kazi ya kipindi hicho tangu Novemba, na mshahara wake ndio ulipie tiketi.