Padel Hamburg: kila jioni kuna wanaotafuta mtu wa nne

Kwetu Ngamiani, Tanga, ukipita barazani jioni ukakuta watu watatu wameshakaa kwenye meza ya dhumna, hupiti salama. Utaitwa hata kama hamjuani, maana bila wa nne mchezo hauanzi. Nilikaa Hamburg, Ujerumani, miezi saba ndipo nikagundua kwamba huku nako kuna meza ya namna hiyo, ila imezungushiwa vioo na inalipiwa kwa muda.

Nilifika Oktoba. Aliyeishi huku anajua maana yake: ikifika Desemba jua linazama saa kumi jioni, na mtu ukitoka kazini unaingia ndani kama kuku. Nilijaribu mpira wa miguu, nikakuta timu ya mtaani imejaa watu waliocheza pamoja tangu shule ya msingi. Gym nako kila mtu ameziba masikio. Mji ni ndugu wa Dar es Salaam tangu 2010, lakini undugu huo uko kwenye karatasi za halmashauri. Haukuletei mtu wa kunywa naye chai.

Padel, mchezo wa raketi ulio ndugu wa tenisi, imenifaa kwa sababu moja tu, nayo si ufundi wangu. Uwanja wake wa kawaida, mita 20 kwa 10, umekusudiwa watu wanne. Marafiki wanne wanakodi saa za jioni wiki nzima kabla, halafu siku yenyewe mmoja mtoto wake anapata homa. Waliobaki wataandika kwenye kundi la WhatsApp: "Uns fehlt noch einer." Tumepungukiwa na mmoja. Hapo mgeni huombi nafasi, wewe ndiye unayeombwa. Sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo mambo yako hivyo.

Kwa asiyeujua mchezo: ulianzia Acapulco, Mexico, mwaka 1969, ukashamiri Hispania na Argentina. Hesabu ni ya tenisi, 15, 30, 40. Raketi haina nyuzi, ni ubao mnene wenye matundu, na ina kamba ambayo kanuni zinakutaka uivae mkononi. Mpira unaanzishwa kwa chini: unaudundisha, unaupiga usawa wa kiuno au chini yake. Kwa hiyo hakuna wa kukuua kwa makombora ya kuanzishia, na hata wa siku ya kwanza anarudisha mpira. Tenisi ingekudai miezi kabla ya kukupa raha hiyo.

Basi, unaingiaje? Wengi tunatumia programu ya simu iitwayo Playtomic. Unajiandikisha, unajibu maswali, inakupa kiwango kati ya 0 na 7, kisha unaona mechi zilizo wazi ambazo zimebakiza nafasi. Hapo kwenye maswali ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimecheza badminton chuoni, nikajitia ubingwa, nikatoka na kiwango cha tatu na nusu. Mechi ya kwanza mwenzangu alikuwa bwana mpole kabisa, na upole wake ndio ulionichoma: kila nikikosa anatazama dari. Tukafungwa 6–0, 6–1. Jiandike kiwango cha chini. Ukishinda kiwango kinapanda chenyewe, na watu hupenda anayewashangaza kuliko anayewapotezea jioni yao.

Kosa la pili ni la saa, na hili linatuhusu sisi wenye saa ya Kiswahili. Mtu alinitumia ujumbe wa sauti: "Halb acht." Acht ni nane, halb ni nusu, nikahesabu nane na nusu, yaani 20:30, saa yetu mbili na nusu usiku. Nikafika 20:25 nikijisifu kwa kuwahi. Kumbe kwa Mjerumani halb acht ni nusu ya kuelekea nane, 19:30. Watatu walikuwa wamepiga mpira wa kupoteza muda karibu saa nzima, na uwanja ulikuwa wetu mpaka 21:00. Muda ukiisha taa za uwanja zinazima zenyewe, hakuna cha "dakika mbili tu, kaka". Hawakunifokea, ila wiki mbili zilizofuata sikualikwa. Tangu hapo mtu akinitajia saa kwa mdomo, namrudishia kwa tarakimu.

Kushika muda ndiyo adabu kubwa kuliko zote. Ukiwa huwezi kwenda, sema mapema, na kama muda umebana tafuta wa kukushikia nafasi au lipa sehemu yako bila kinyongo. Mimi kwa dakika 90 hutoa kati ya euro 8 na 14, inategemea ukumbi na saa. Mchana wa siku za kazi ni nafuu.

Sasa lugha. Ndani ya vioo kila mtu ni "du", yaani "wewe" ya watu waliozoeana. Mzee wa miaka 65 utamwita kwa jina lake la kwanza, na kwa sisi tuliolelewa na shikamoo ulimi unagoma. Uache ugome, utazoea. Kijerumani unachohitaji hakijazi kiganja: "Ich!" unapoufuata mpira, "Du!" unapomwachia mwenzako, "Lass!" ukiona unatoka, "Aus!" ukishatoka. Piga kelele. Mimi nilikuwa nanyamaza kwa heshima, matokeo yake tuligongana raketi mara mbili.

Lakini neno lililonisumbua kuliko yote ni letu wenyewe: pole. Mwenzangu akipiga wavuni, mdomo wangu ulikuwa unatoa "Entschuldigung!" Moyoni nasema pole, yeye anasikia nisamehe. Baada ya mara ya sita akasimama akaniuliza, kwa nia safi, kwa nini ninajilaumu kwa makosa yake. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa unampa pole bila kuwa wewe ndiye uliyeweka jiwe. Akafurahi, akalichukua neno. Sasa kwenye kundi letu kuna Wajerumani watatu wanaopeana "pole" wavuni, na mimi nimejifunza "schade", yaani bahati mbaya. Ukiwa na wasiokujua, tumia hiyo schade. Entschuldigung iweke kwa siku utakayompiga mtu mpira wa mgongo, na siku hiyo haiko mbali.

Kuhusu mchezo wenyewe nina ushauri mmoja: acha mpira upite. Aliyetoka badminton au tenisi anaukimbilia mpira kabla haujamfika nyuma, kwa woga. Padel inakutaka uuache udunde, ugonge kioo nyuma yako, urudi, ndipo uupige kwa utulivu. Mara ya kwanza unahisi kama umeacha sufuria jikoni. Mwalimu mmoja alinisimamisha nusu saa nzima mgongo ukielekea kioo, akinirushia mipira, na ruhusa ya kupiga ikawa ni baada ya kioo tu. Nusu saa hiyo ilinifaa kuliko mechi zangu kumi za mwanzo. Na ukibanwa nyuma, usijibu kwa nguvu. Upandishe mpira juu, uwapite vichwani walioko wavuni, kisha nyinyi ndio msogee wavuni.

Vifaa usivinunue haraka. Kumbi hukodisha raketi kwa euro chache. Ukipenda, tafuta ya mtumba kwenye Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo ya kuuziana vitu, ya umbo la duara, ndiyo inayosamehe makosa. Pesa weka kwenye viatu: chini ni nyasi bandia zenye mchanga, na viatu vya kukimbilia vinateleza. Kifundo changu cha mguu kilivimba siku kumi kwa sababu ya ubahili wa euro 50.

Mkimaliza mnashikana mikono wavuni, mnatoka jasho likikauka, mnakaa. Mmoja ataagiza bia isiyo na kilevi, mwingine juisi ya tufaha iliyochanganywa na soda. Kila mtu analipa yake, usione ni uchoyo, na usijifanye tajiri kwa kulipia meza. Utawatia deni wasiloliomba. Kaa tu. Dakika hizo ishirini nimejulishwa daktari wa meno, fundi baiskeli na nyumba iliyokuwa inaachwa mtaa wa Barmbek.

Halafu usisubiri wakukumbuke. Kuna kimya cha Wajerumani ambacho si chuki, ni kwamba hakuna aliyefungua kalenda. Usiku uleule, ukiwa kwenye S-Bahn, treni ya mjini, waandikie: "Donnerstag, 19:30?" Alhamisi, 19:30? Kwa tarakimu.