Maswali ya Madereva Wapya wa Malori: Tela, Upepo na Mteremko

SWALI: Nimehamia kwenye kichwa na tela kutoka gari dogo. Juzi nilipochomeka mpira wa upepo, gari zima likaanza kutembea, nikaponea chupuchupu. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Bila shaka ulichomeka mpira mwekundu huku hendibreki ya kichwa ikiwa haijafungwa. Mpira huo ndio unaopeleka upepo wa kuachia breki za tela. Ukiuchomoa, breki za tela hukamata zenyewe, na dereva mgeni hudhani gari zima limefungwa, kumbe limeshikiliwa na tela peke yake. Ukirudisha upepo tu, breki zinaachia. Kama ardhi ina mwinamo hata mdogo, tani zote hizo zinaondoka nawe ukiwa umebanwa kati ya kebini na tela. Madereva wanakufa kwa njia hii, na wengi wao hawakuwa wazembe, hawakuwahi kuelezwa tu.

Kwa hiyo kabla hujashuka: hendibreki, zima injini, funguo mfukoni. Ukifika chini, hakikisha breki ya kuegesha ya tela nayo imefungwa (kwenye tela nyingi ni kitufe chekundu kinachovutwa nje), na weka kabari kwenye magurudumu. Usiache kabari ukisema upepo umeshakamata. Tela la zamani lisilo na breki za springi (springi zinazokamata breki zenyewe upepo ukiisha) hushikwa na upepo uliobaki kwenye tangi lake, na upepo huo huvuja taratibu. Baada ya saa kadhaa halina breki tena.

Jambo la pili ni pini, yaani chuma kinachochomoza chini ya tela na kukamatwa na taya za sahani iliyo nyuma ya kichwa. Ukirudi nyuma kuunganisha, uso wa tela uwe chini kidogo ya sahani ya kichwa ili sahani iunyanyue ikiingia. Tela likiwa juu mno, pini hupita juu ya taya bila kukamatwa, nawe utasikia mlio wa chuma kugonga chuma uleule unaosikika pini ikikamatwa. Mlio si ushahidi. Breki za tela zikiwa zimefunga, ingiza gia ndogo uvute mbele polepole mpaka gari ligome. Kisha funga hendibreki, shuka na tochi uchungulie: kati ya sahani na tela kusiwe na mwanga unaopenya, taya ziwe zimezunguka shingo ya pini, na mkono wa kufungulia uwe umeingia ndani na klipu yake ya usalama iko mahali pake. Ukisharidhika, ndipo upandishe miguu ya tela hadi juu kabisa.

SWALI: Tairi moja la nyuma lilikuwa limepungua upepo, nikalijaza tukaendelea na safari. Fundi mmoja amenigombeza. Kuna ubaya gani?

JIBU: Fundi huyo anakutakia mema. Tairi la lori likitembea na upepo mdogo, ubavu wake hujikunja kila mzunguko, joto hupanda, na nyaya za chuma zilizomo ndani huchoka na kukatika. Kwa nje unaweza usione kitu. Unapojaza upepo, nyaya zilizobaki hazihimili, ubavu unapasuka kwa mstari mrefu kama zipu, na nguvu ya upepo unaotoka inaweza kumuua aliyechuchumaa mbele yake.

Kanuni ya kushika ni asilimia 80. Kama tairi linatakiwa psi 110 na geji inasoma chini ya 88, usilijaze likiwa kwenye gari. Litolewe, likaguliwe ndani na nje, kisha lijazwe ndani ya keji (kizimba cha chuma cha kuzuia tairi likipasuka) kwa mpira mrefu wenye klipu inayojishikilia yenyewe kwenye valvu, na anayejaza asimame nje ya mwelekeo wa ubavu. Ukisikia milio ya kukatika-katika au ukiona uvimbe, acha kujaza na usilisogelee. Upepo upimwe tairi likiwa limepoa. Likiwa la moto geji husoma juu, na ukipunguza hapo utaendesha na upepo pungufu kesho yake.

Nati zikigoma, kamwe usipashe rimu moto ikiwa na tairi juu yake, hata tairi likiwa halina upepo. Gesi zinazojikusanya ndani zinaweza kulipuka. Na ukishabadilisha gurudumu, kaza nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

SWALI: Kwenye mteremko mrefu nikanyage breki kidogo kidogo muda wote, au nikanyage na kuachia?

JIBU: Kanyaga na kuachia, ila kazi kubwa ifanywe na injini. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, maana katikati ya mteremko unaweza kuitoa gia na ushindwe kuingiza nyingine. Washa breki ya injini. Kama mwendo salama ni kilomita 40 kwa saa, ukifika 40 kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka ushuke kwenye 30 hivi, kisha achia kabisa. Kugusa breki mfululizo huzipasha moto bila kuzipa nafasi ya kupoa, na dramu ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu vya breki. Hapo unakanyaga mpaka chini, gari haliitiki. Moshi ukitokea, tafuta pa kusimama mapema, usimwagie maji dramu, na usisimame karibu na matairi hayo.

SWALI: Naumia goti kila mara ninaposhuka kwenye kebini.

JIBU: Usiruke. Shuka ukiitazama kebini, viungo vitatu vikiwa vimeshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Simu na karatasi viache kwenye kiti uvichukue ukiwa chini. Futa matope na grisi kwenye soli na ngazi.

SWALI: Mlango wa nyuma wa tela ufunguliweje kama mzigo umehama njiani?

JIBU: Fungua mmoja kwanza, ukisimama nyuma ya bawa la mlango huohuo, si mbele ya uwazi. Ukisikia kitu kinausukuma, urudishe ufunge, kisha tafuta watu na mikanda ya kuushika mzigo kabla ya kujaribu tena.