Maswali ya Lugha: "s" ya Kirusi na "z" ya Kipolandi

SWALI: Najifunza Kirusi, mwenzangu anajifunza Kipolandi. Chai yenye sukari mimi naiita "chay s sakharom", yeye "herbata z cukrem". Hiyo "z" yake anaitumia pia kwa "kutoka Kraków": "z Krakowa". Nami nikisema "s Moskvy", nasahihishwa. Ni neno moja au mawili?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Yalikuwa mawili. Kislavi cha kale, lugha mama ya Kirusi, Kipolandi na Kicheki, kilikuwa na "sŭ", yenye maana ya "pamoja na" na pia "kutoka juu ya", na "iz", yaani "kutoka ndani ya". Ile "ŭ" ilikuwa irabu fupi mno, ikadondoka kati ya karne ya 10 na ya 13, ikabaki konsonanti tupu. Kwa Wapolandi "iz" nayo ilipoteza irabu, na yote mawili yakaishia "z". Maana wanaitambua kwenye mwisho wa nomino: "cukrem", "Krakowa". Kicheki kinatenganisha: "s cukrem", "z Prahy".

Kirusi hakikuunganisha, na hapo ndipo "kutoka" yetu inapokuponza. Tazama kihusishi cha kuwepo mahali: penye "v" (ndani), kutoka ni "iz", penye "na" (juu, si "na" yetu!), kutoka ni "s". Kwa hiyo "iz Moskvy", "iz Dar-es-Salama", lakini "s Zanzibara", kwa kuwa Zanzibar ni kisiwa nacho huchukua "na". Kazini na sokoni pia: "s raboty", "s rynka".

Kwenye "pamoja na", Mswahili ana nafuu. Sisi hatusemi "naandika na kalamu", twasema "kwa kalamu". Mrusi naye huondoa "s" kabisa: "pishu ruchkoy". Ukisema "s ruchkoy", umeandika huku una kalamu mkononi. Na "tulikwenda na Juma", kwa maana ya mimi na Juma, ni "my s Dzhumoy", sisi na Juma, vilevile. Ila chai ya maziwa isikudanganye: usitafute "ya", sema "chay s molokom".

Ukiona "so mnoy" (nami) au "so stola" (kutoka mezani), hiyo "o" ni ile irabu ya kale, iliyosalimika mbele ya konsonanti zilizorundikana.